Ua Lililo Mlangoni mwa Maabara

Bogenvilia ni mmea ulioenea mno katika viwanja vya shule. Hutanda juu ya uzio, huvumilia kiangazi, na rangi zake za zambarau, nyekundu na machungwa huonekana tangu barabarani. Mwanafunzi akiambiwa achore ua lake, aghalabu huchora vipande vitatu vyembamba vya rangi, huandika pembeni neno "petali", na mara nyingi hupewa alama zake. Lakini vipande vile si petali. Ni majani yaliyogeuka rangi, ambayo wataalamu huyaita brakti. Maua yenyewe yamo katikati: mirija mitatu myembamba yenye midomo myeupe, kila mmoja umeshikamana na mshipa wa kati wa brakti yake. Mwanafunzi huyo si mvivu wala si mjinga. Amechora alichokiona akiwa umbali wa hatua mbili, na hakuna aliyemwambia asogee.

Makala haya yanatetea hoja moja: kwamba upigaji wa picha za karibu, zile zinazokionyesha kitu kidogo kwa ukubwa wake halisi au zaidi ya hapo, uwe kazi ya kawaida katika somo la Biolojia, na kwamba picha hizo zipigwe na shule yenyewe, kwa maua ya shule yenyewe, pakiwa na rula na tarehe. Picha za kuazima, hata zikiwa nzuri namna gani, haziwezi kushika nafasi hiyo. Wako walimu watakaoliona jambo hili kuwa la anasa. Yafaa kwanza kutazama ni nini hasa kinachopotea pale ambapo haifanyiki hivyo.

Chukua haibiskasi, ua jekundu lililopandwa karibu kila mahali penye ofisi, zahanati au shule. Kwa macho ya kawaida ni petali tano pana na kijiti kirefu kinachotokeza katikati. Mtu akisogea hadi umbali wa kidole kimoja, kijiti hicho hugeuka kuwa jengo zima. Kwanza, si kijiti bali ni mrija. Umefanywa na nyuzi za stameni zilizoungana tangu chini, na kutoka ubavuni mwake huchomoza makumi ya vikonyo vifupi, kila kimoja kikibeba kifuko cha chavua chenye umbo la figo. Kifuko kikipasuka, chembe za chavua huonekana moja moja, za rangi ya dhahabu, kwa kuwa chavua ya haibiskasi ni kubwa kuliko ya maua mengi: kila chembe huzidi sehemu moja ya kumi ya milimita, na uso wake umejaa miiba. Ndani ya mrija hupita staili, ikatokea juu na kugawanyika matawi matano, kila tawi likiishia kwenye stigma ya mviringo yenye manyoya mafupi mekundu kama mahameli. Matawi hayo matano yana maana. Ovari ikikatwa kwa wembe, ndani yake hupatikana vyumba vitano.

Nje ya ua, chini ya sepali, pana safu nyingine ya vijani vyembamba ambayo wanafunzi wengi hawaioni kabisa, kwa sababu michoro mingi ya vitabuni haina safu hiyo. Mchoro wa kitabuni ni wa ua ambalo halipo popote: ua la wastani, lenye kila sehemu mahali pake, lisilo na jamaa wala nchi. Mwanafunzi huukariri, kisha hulitazama ua halisi na kudhani kwamba ua ndilo lililokosea.

Tena kuna haibiskasi za petali nyingi, zile zilizorundikana kama waridi, ambazo bustani nyingi huzipenda. Hizi zina somo kubwa zaidi. Mtu akizichambua polepole kutoka nje kwenda ndani, atakuta petali kamili, halafu petali zilizopungua upana, halafu kipande cha ajabu ambacho nusu yake ni petali nyekundu na ukingoni mwake kimening'inia kifuko cha chavua. Ni stameni iliyokuwa ikigeuka petali ikaishia njiani. Goethe, mshairi wa Kijerumani aliyekuwa pia mtafiti wa mimea, alichapisha mwaka 1790 kitabu kidogo kilichodai kwamba sehemu zote za ua ni jani moja lililobadilika kwa namna mbalimbali, na maua ya petali nyingi yalikuwa miongoni mwa ushahidi wake. Picha moja ya karibu ya kipande kile cha nusu kwa nusu hufundisha jambo hili kuliko saa nzima ya maelezo ubaoni. Na kipande chenyewe hunyauka kabla ya jioni.

Hapo ndipo faida ya kwanza ya kamera inapoonekana. Ua la haibiskasi kwa kawaida huishi siku moja. Ua la pamba, ambalo ni jamaa yake wa ukoo mmoja na lina mrija ule ule wa stameni, hufunguka likiwa na rangi ya maziwa, na kesho yake huwa limekwisha kugeuka waridi. Mwanafunzi wa Shinyanga au Simiyu aliyezaliwa katikati ya mashamba ya pamba analijua badiliko hilo. Lakini kulijua ni kitu kimoja, na kuwa na picha sita zilizopigwa kwa saa zinazofuatana, zenye ua lile lile na rula ile ile, ni kitu kingine. Picha hizo zinaweza kupimwa na kulinganishwa, na wanafunzi wengine wanaweza kuzibishia. Bamia nayo ni ya ukoo huo. Na kwa uainishaji wa siku hizi hata mbuyu umo humo, wenye ua jeupe linalofunguka jioni na kuning'iniza fungu la mamia ya stameni. Darasa likiwa na picha za karibu za haibiskasi, pamba, bamia na mbuyu juu ya meza moja, halitahitaji kuambiwa kwamba hao ni ndugu.

Kwa upande wa ufundi, kazi hii ina sheria zake, na heri mwalimu azijue mapema ili asikate tamaa baada ya picha tatu zenye ukungu. Kadiri lenzi inavyosogezwa karibu na kitu ndivyo unene wa sehemu inayoonekana bayana unavyopungua. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, picha ikiwa ya ukubwa halisi, yaani milimita 1 ya ua ikichukua milimita 1 ya filamu, na tundu la lenzi likiwekwa kwenye namba 8, unene huo ni kama milimita 1 tu. Stigma ikionekana vizuri, petali zilizo nyuma yake huyeyuka. Tundu likipunguzwa hadi namba 16, unene huongezeka kufikia kama milimita 2, lakini mwanga hupungua. Na mwanga tayari ni haba, kwa sababu kwa ukubwa huo picha huhitaji mwanga mara nne ya ule ambao ungetosha kwa kitu kilicho mbali. Kwa hiyo kamera lazima itulie juu ya kitu imara, na upepo nao sharti utulie. Asubuhi na mapema ndiyo saa yenyewe. Jua kali la adhuhuri huunguza rangi na kutupa vivuli vyeusi; karatasi nyeupe ikishikwa kati ya jua na ua hulainisha mwanga, na karatasi ya pili upande wa pili huurudisha. Vifaa vyote hivyo, ukiondoa kamera, vimo katika droo ya meza ya mwalimu yeyote.

Na kamera je? Miaka ya 1970 na 1980 pingamizi la gharama lilikuwa na nguvu. Filamu ilikuwa na picha 36, ilibidi ipelekwe mjini kusafishwa, na mwalimu alijua kama amekosea baada ya majuma kadhaa, maua yakiwa yamekwisha kupukutika. Leo walimu wengi wana simu yenye kamera mfukoni. Lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, ile ile inayotumiwa kutazama wadudu, ikishikwa mbele ya kamera ya simu hiyo huleta stigma ya haibiskasi ikajaza kioo kizima. Aliye na kamera ya zamani yenye lenzi ya kutolewa anaweza kuigeuza lenzi ya milimita 50, mbele ikawa nyuma, akapata picha inayokaribia ukubwa halisi bila kununua kitu kingine zaidi ya pete ya kuishikilia. Wako watakaokumbusha, na kwa haki, kwamba katika shule nyingi wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Hapana haja ya kuigusa amri hiyo. Simu moja ya mwalimu, ikiwekwa juu ya rundo la vitabu katika maabara, na wanafunzi wakipokezana kuchagua ua, kupanga mwanga na kuweka rula, inatosha darasa zima. Pengine ni bora zaidi hivyo, kwa kuwa picha inayopigwa mara moja na watu kumi wanaobishana hufikiriwa kuliko picha kumi zinazopigwa na mtu mmoja.

Kuhusu rula, hapana budi kusema kwa mkazo. Picha ya karibu isiyo na kipimo ndani yake ni pambo. Inaweza kutundikwa ukutani, lakini haiwezi kujibu swali. Wengine hudhani kwamba inatosha kuandika chini ya picha "imekuzwa mara 12". Hesabu yenyewe ni rahisi: tawi la stigma lenye urefu wa milimita 5 likionekana katika karatasi kuwa na urefu wa milimita 60, ukuzaji ni 60 kugawa kwa 5, yaani mara 12. Lakini picha hiyo ikichapwa upya kwa ukubwa tofauti, au ikirushwa ukutani kwa projekta, namba ile huwa imekwisha kuwa uongo. Rula iliyopigwa pamoja na ua haidanganyi kamwe, maana hukua na kupungua pamoja nalo. Huko Kenya, mtihani wa vitendo wa Biolojia wa kidato cha nne umekuwa kwa miaka mingi ukiwapa watahiniwa picha na kuwataka, mara kwa mara, wakokotoe ukuzaji. Mwanafunzi ambaye hajawahi hata mara moja kuweka rula kando ya ua na kulipiga picha huingia katika swali hilo akiwa na kanuni tu, bila kujua kanuni hiyo inazungumzia nini.

Pamoja na kipimo huja jina, mahali, tarehe na saa. Hapa panafaa neno moja pembeni. Wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania husoma Biolojia kwa Kiingereza, na wengi hulifahamu ua kwa maneno ambayo hawajapata kuyasikia nje ya darasa. Maneno ya Kiswahili yapo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990, na neno kama "chavua" linamwambia mtoto kitu ambacho neno la kigeni halimwambii. Picha iliyopigwa na shule inaweza kuandikwa sehemu zake kwa lugha zote mbili, na jina la mmea kwa lugha ya wenyeji likaongezwa. Picha ya kuazima huja na majina yake, ya kwao.

Sasa yafaa kusema juu ya uzuri, kwa maana hapo ndipo hatari ilipo. Maua yaliyokuzwa huvutia mno, na mvuto huo una tabia ya kuifukuza sayansi mlangoni. Mpiga picha wa kisasa hupiga picha 30 au 50 za ua moja, akisogeza lenzi kidogo kila mara, kisha kompyuta huziunganisha zikawa picha moja ambamo kila kitu, kutoka ncha ya stigma hadi kitako cha petali, ni bayana. Ufundi huo ni halali na watafiti huutumia, mradi isemwe kwamba umetumika. Jambo baya zaidi ni picha za maua ambayo hayakuwahi kuota. Siku hizi mashine hutunga picha ya haibiskasi kwa dakika moja, ikiwa na umande na nuru ya asubuhi. Na mtazamaji akihesabu, anaweza kukuta petali sita, na mrija wa stameni unaoishia pasipo stigma. Mwanafunzi aliyekwisha kulifungua ua halisi hucheka. Ambaye hajalifungua hulichora katika daftari lake. Kuna wakati kosa la shule lilikuwa kukosa picha. Sasa kosa linaweza kuwa kuzipokea nyingi mno bila kuuliza zimetoka wapi.

Uzuri na ukweli vinaweza kukaa pamoja. Karl Blossfeldt alikuwa mwalimu wa sanaa mjini Berlin tangu mwaka 1898. Alitengeneza kamera yake mwenyewe, na kwa miaka zaidi ya 30 alipiga picha za machipukizi, vikonyo, mbegu na maua, akizikuza hata mara 30, ili wanafunzi wake wajifunze maumbo kutoka katika mimea. Hakutafuta umaarufu. Kitabu chake kilipotoka mwaka 1928 alikuwa na umri wa miaka 63, na ghafla akajulikana Ulaya nzima kama msanii. Lakini hata ndani ya kitabu hicho cha sanaa, picha zake huandamana na jina la kisayansi la mmea na idadi ya mara ulizokuzwa. Ni kweli pia kwamba alikuwa akizikata na kuzipunguza sehemu za mmea zilizomharibia umbo alilolitaka, na kwa hilo mwalimu wa Biolojia asimfuate.

Walimu wa zamani watauliza: kuchora kutakwenda wapi? Swali hili ni zito kuliko lile la gharama. Mkono unaochora hulazimika kuamua: mstari huu unaanzia wapi, stameni hizi zimeshikana au zimeachana, vyumba ni vitano au vinne. Kamera haiamui lolote. Hupokea yaliyo mbele yake, na anayeibonyeza anaweza kuondoka bila kuona kitu. Kwa sababu hiyo utaratibu ufaao ni huu: kwanza ua na lenzi ya mkono, pili mchoro wa penseli, tatu picha, na nne kurudi kwenye mchoro na kuusahihisha kwa kuulinganisha na picha. Hatua hii ya nne ndiyo yenye mafunzo zaidi, nayo ndiyo inayorukwa daima. Shule ikiona muda hautoshi kwa hatua zote, basi iache picha, isiache mchoro.

Aidha, kamera ina upofu wake. Mwaka 1793 Christian Konrad Sprengel, mwalimu mkuu wa shule moja huko Spandau karibu na Berlin, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba madoa, mistari na duara za rangi zilizo katika petali ni alama za kumwongoza mdudu kwenye asali ya ua. Alianza kwa kuinamia maua ya kawaida kabisa na kujiuliza manyoya haya ni ya nini, duara hii ya njano ni ya nini. Mwaka uliofuata alikuwa amekwisha kuondoka katika kazi yake ya shule (walimu wapenda bustani na wajihadhari), na kitabu chake hakikusomwa sana hadi Charles Darwin alipokisoma mwaka 1841 na kukisifu. Baadaye ilifahamika kwamba nyuki huona nuru ya urujuanimno ambayo macho ya mwanadamu hayaioni. Petali za pembeni za alizeti, ambazo kwa mtu ni za njano tupu, kwa nyuki aghalabu zina duara nyeusi kitakoni. Kamera ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu, na haitaionyesha duara hiyo. Ni vizuri mwanafunzi aambiwe hivyo, ili asidhani kwamba picha aliyoipiga ndiyo ua lenyewe.

Hata hivyo alizeti ina mengine ya kuonyesha kwa kamera hiyo hiyo. Kichwa chake si ua moja bali ni mkusanyiko wa maua madogo mamia kwa mamia, na hufunguka kuanzia nje kuelekea katikati. Picha moja ya karibu hukamata umri wote pamoja: katikati machipukizi yaliyofumba, kisha duara ya maua yanayosukuma chavua nje ya mrija, na nje zaidi yale ambayo stigma zake zimekwisha kujipinda pande mbili.

Wenye shaka wanaweza kuuliza kama kutazama hivi kumewahi kuleta faida yoyote nje ya darasa. Jibu liko katika Bahari ya Hindi. Katika kisiwa ambacho leo huitwa Réunion, Wafaransa walikuwa wamepanda vanila iliyotoka Marekani ya Kati. Ilistawi na kutoa maua, lakini haikuzaa, kwa kuwa wadudu wa kwao wa kuichavusha hawakuwako. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, aliyeitwa Edmond, ambaye baadaye alipewa jina la Albius, alitambua kitu kilichomo ndani ya ua hilo: ulimi mwembamba unaotenga kifuko cha chavua na stigma. Aliuinua ulimi huo kwa kijiti, akavikutanisha kwa kidole gumba. Kazi ya nukta chache. Akapelekwa shamba hadi shamba awaonyeshe wengine. Utumwa ulikomeshwa kisiwani humo mwaka 1848. Albius alikufa maskini mwaka 1880. Njia yake ndiyo inayotumika hadi sasa Madagaska, Komoro, Uganda na mkoani Kagera, ua kwa ua, kwa mkono, kwani kila ua hufunguka kwa siku moja tu. Ulimi ule una urefu wa milimita chache. Mkulima anayeanza huambiwa habari zake kwa maneno, na mara nyingi huharibu maua mengi kabla ya kuuona. Shule ya sekondari iliyo katika eneo la vanila inaweza kupiga picha tatu za karibu, ulimi ukiwa chini, ukiwa juu, na chavua ikiwa imegusana na stigma, ikambandikia kila mkulima mlangoni. Hakuna kitabu cha kigeni kitakachoifanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Lakini mfano ulio karibu zaidi uko jikoni. Karafuu hujulikana na kila mtoto wa pwani. Ameila katika pilau, amelitafuna jino likimuuma, na kama ni wa Pemba amelala usiku akiinusa juu ya majamvi. Ni wangapi walioambiwa kwamba karafuu ni ua lililochumwa kabla ya kuchanua? Karafuu nzima ikilowekwa katika maji ya moto hadi ilainike, kisha ikapasuliwa kwa wembe toka kichwani hadi mkiani, kila kitu kimo. Meno manne yaliyo juu ni sepali. Kidonge kilichokaa katikati ya meno hayo ni petali nne zilizofunikana. Chini ya kidonge zimejikunja stameni nyingi, ncha zake zikiwa zimeinamia ndani, na katikati yake imesimama staili. Mwili wa karafuu, ule wanaoudhania kuwa kikonyo, ni kikombe cha ua, na sehemu ya juu ya mwili huo ina vyumba viwili vidogo vya ovari. Kando kando, chini tu ya ngozi, lenzi ya mara 10 huonyesha safu za vitone: ni vifuko vya mafuta, na harufu yote inatoka humo. Huo ni mtihani mzima wa maumbile ya ua, kwa senti chache, na unaweza kufanywa mwezi wowote wa mwaka, hata kwenye shule isiyo na bustani.

Lililo gumu zaidi, na ambalo lingefaa kuanza mara moja katika shule za Unguja na Pemba, ni kulifuata chipukizi likiwa bado juu ya mkarafuu. Mchumaji huamua kwa jicho: huanza likiwa kijani, hugeuka kuwa na wekundu, na likiachwa hadi lifunguke thamani yake huanguka. Ni siku ngapi kati ya rangi moja na nyingine, katika mti upi, baada ya mvua kiasi gani? Wazee wa mashamba wana majibu, nayo hutofautiana. Darasa lenye simu moja ya mwalimu, rula ya plastiki na kipande cha uzi wa rangi cha kufungia shada lililochaguliwa linaweza kulipiga picha shada hilo kila asubuhi saa moja, kwa karatasi nyeupe ile ile nyuma yake, tangu machipukizi yanapotokeza hadi siku ya kuchuma. Na shada moja liachwe bila kuchumwa, ili picha za mwisho zionyeshe kidonge kikidondoka na stameni zikinyooka nje, jambo ambalo wengi wa wenye mikarafuu hawana sababu ya kuliruhusu litokee.